Harufu ya esansi isiyoisha garini: mwongozo kamili wa kuisaka hadi chanzo chake

Bukavu imejaa magari yaliyokwisha kuishi maisha mengine huko Japani kabla ya kutufikia: Corolla, Carina, Starlet, RAV4 za kwanza, Hilux za kabureta. Gari la namna hiyo likianza kunuka esansi, mwenyewe huzoea. Anashusha kioo kidogo, na abiria akilalamika anajibiwa: "Mama, si ni ya zamani tu." Hapana. Gari lisilo na kasoro halinuki esansi, hata likiwa na miaka 30. Likinuka, kuna mahali esansi au mvuke wake unatoka, na mahali hapo panaweza kupatikana bila mashine ya kompyuta na bila kubadilisha vipuri kwa kubahatisha.

Kinachowapotosha wengi ni kuanza kutafuta kabla ya kuuliza. Fundi anafungua kapo, anaona mpira uliochakaa, anaubadilisha, anachukua pesa yake. Baada ya siku mbili harufu imerudi, kwa sababu ilikuwa inatoka nyuma. Uliza kwanza harufu inakuja saa ngapi: baada ya kujaza, injini ikiwa baridi, baada ya kuizima ikiwa moto, kwenye mlima, au muda wote? Saa ya harufu ndiyo inayokuonyesha mahali pa kuinama.

Kabla hujainama chini ya gari

Mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa mara tatu hadi nne. Haupandi juu ukapotea. Unashuka, unajikusanya kwenye shimo la garaji, kwenye mfereji, chini ya viti. Ukifikia asilimia 1.4 hivi ya hewa unaweza kuwaka, na esansi hutoa mvuke wa kutosha kuwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri. Usiku wa Bukavu, kwenye mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, unatutetemesha sisi tu, esansi haiujali.

Kwa hiyo fanya kazi nje, hewa ikipita, mbali na mbabula ya jirani, mbali na genereta na mbali na anayechomelea. Sigara usiitaje. Tochi ya simu au ya LED inatosha. Balbu ya waya ikidondoka na kupasuka ni kiberiti. Weka karibu kizima moto cha unga, au ndoo mbili za mchanga mkavu. Maji hayasaidii, esansi inaelea juu yake na kuusambaza moto.

Ukikuta esansi inadondoka, usiwashe injini hata kwa "kuona tu". Fungua milango, sukumeni gari mpaka mahali pa wazi, ngoja mvuke uondoke, ndipo ufungue waya wa hasi wa bateri. Ukiufungua waya huo mvuke ukiwa bado umejaa, cheche yake ndogo inaweza kuwa ya mwisho. Na usinyonye esansi kwa mdomo. Najua wengi wanafanya hivyo kila siku. Tone dogo likipita njia ya mapafu linaweza kukulaza hospitalini. Aliyemeza asilazimishwe kutapika, apelekwe kwa daktari.

Jambo moja zaidi, na hili si la moto. Pua huchoka. Ukikaa dakika chache ndani ya harufu, ubongo unaacha kuisikia, nawe unadhani imekwisha. Mwite mtu aliyekuwa mbali na gari, mwambie anuse yeye, na kila baada ya muda mwende kupumua hewa safi.

Ondoa kwanza visingizio

Tunabeba esansi kwenye bidoni. Bidoni la njano la lita 20 lililowahi kubeba mafuta ya kupikia, kifuniko chake kimefungwa kwa kipande cha sashe, linalazwa kwenye buti na kupandishwa Panzi au Bagira. Kinachomwagika kinanyonywa na zulia na sponji iliyo chini yake, na joto la mchana linakitoa tena kwa majuma. Kwa hiyo kabla ya yote toa kila kitu kwenye buti: zulia, tairi la akiba, jeki, matambara. Nusa sakafu tupu. Nusa zulia likiwa mbali na gari. Zulia likinuka na chuma hakinuki, lifue kwa sabuni, lianike juani, ukaendelee na maisha yako.

Kisingizio cha pili ni moshi. Injini inayopata esansi nyingi kuliko hewa hutoa moshi wenye harufu kali inayochoma macho, na watu huiita ya esansi. Tofauti yake ni kwamba esansi mbichi inanuka hata injini ikiwa imezimwa tangu jana. Kabureta iliyotegwa kwa ajili ya miji ya pwani inapata shida hapa juu: kwenye mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 15 hivi, esansi inabaki ileile, buji zinakuwa nyeusi kwa masizi makavu na bomba la moshi linanuka. Hilo ni tatizo la kutega kabureta, na halina uvujaji ndani yake. Moshi pia huingia kupitia raba iliyochakaa ya mlango wa nyuma, hasa kwenye RAV4 na magari ya familia: ukienda na madirisha ya pembeni wazi, hewa ya nyuma inavutwa ndani pamoja na moshi.

Kisha mwangalie kadafi anayekuuzia esansi pembeni mwa barabara. Faneli ikiinama, nusu glasi inateremka kwenye bodi hadi chini ya gurudumu. Futa kwa maji na kitambaa, ngoja kutwa moja, nusa tena.

Saa ya harufu

Chukua karatasi, iache kwenye dashibodi kwa juma moja, uandike kila harufu inapokuja: kiasi cha esansi kwenye geji, gari limeegeshwa mlimani pua chini au pua juu, injini moto au baridi, feni ya hewa imewashwa au la. Inachosha, lakini ndiyo kazi yenyewe. Baada ya hapo soma hivi.

Inanuka baada ya kujaza tu, kisha inapungua geji ikishuka chini ya robo tatu: tafuta juu ya tangi. Kifuniko, bomba la kujazia, mipira ya kupumulia, gasketi ya pompa.

Inanuka asubuhi kabla ya kuwasha, popote geji ilipo: kuna unyevu unaodondoka polepole usiku kucha, aghalabu chini, kwenye paipu au mshono wa tangi.

Inanuka unapowasha ikiwa baridi, kisha inapotea ikipata moto: raba ngumu za injekta (pua zinazonyunyizia injini esansi) au viungo vya mbele. Raba iliyozeeka hunywea ikiwa baridi, ikipata moto inajaza nafasi yake tena. Wengi huliacha hili kwa kuwa "linajitibu". Halijitibu.

Inanuka dakika 10 baada ya kuizima ikiwa moto: kwenye gari la kabureta, esansi iliyobaki kwenye bakuli la kabureta inachemshwa na joto la injini. Kwenye gari la injekta, angalia reli (bomba linalogawia injekta esansi) na kanista (kopo la mkaa linalonyonya mvuke wa tangi).

Inanuka feni ikivuta hewa ya nje tu: chanzo kiko mbele, chini ya kapo, kwa sababu hewa hiyo huingia chini ya kioo cha mbele. Hili ni jaribio zuri kuliko yote na halina gharama. Simamisha gari injini ikinguruma, funga madirisha, weka feni kwenye hewa ya nje kwa dakika mbili, kisha kwenye hewa ya ndani. Harufu ikifuata feni, usipoteze muda nyuma.

Milima yetu inakupa jaribio lingine ambalo watu wa miji ya tambarare hawana. Jaza tangi, egesha kwenye mteremko pua ikitazama juu, nusa baada ya saa moja. Kesho geuza, pua itazame chini. Esansi inapolala upande wa nyuma inafikia bomba la kujazia na mipira yake. Inapolala mbele inafikia gasketi na viungo vya upande huo. Harufu ikija upande mmoja tu wa mteremko, nusu ya gari imekwisha kuondolewa kwenye orodha yako.

Kifuniko na bomba la kujazia

Anza hapa, kwa kuwa ni rahisi. Toa kifuniko utazame raba yake ya mviringo. Ikiwa imepasuka, imebonyea au imekuwa ngumu kama plastiki, badilisha kifuniko kizima. Kifuniko cha asili kina vali mbili ndogo, moja ya kuingiza hewa na nyingine ya kutoa mvuke presha ikizidi. Kile cha kubahatisha sokoni, au kile cha mfuko wa plastiki na mpira wa baiskeli, hakina vali yoyote.

Sikiliza pia unapokifungua. Mfyonzo mdogo ni wa kawaida. Lakini mtu anayejaza Uvira, karibu na Ziwa Tanganyika kwenye mita 780 hivi, kisha akapanda mlima wa Ngomo hadi Bukavu, amepanda zaidi ya mita 700. Hewa ya nje imepungua nguvu na mvuke wa ndani unataka kutoka. Kama njia ya mvuke kwenda kwenye kanista imeziba, kifuniko kitapiga kelele ndefu na esansi inaweza kuruka. Weka uso mbali. Kelele hiyo inamaanisha mfumo wa kupumua umeziba, na mvuke unaolazimishwa hivyo utatafuta tundu lolote lililo dhaifu. Hata bila kupanda Ngomo joto lenyewe linafanya kazi hiyo: lita 50 zikipata joto la nyuzi 15 zaidi huongezeka karibu lita 0.7. Pompa ya stesheni hujizima yenyewe tangi likijaa. Bidoni la kadafi halijizimi. Acha nafasi, usimimine mpaka uione esansi mdomoni.

Bomba la kujazia lenyewe hupita nyuma ya gurudumu, na hapo ndipo matope na mawe ya barabara zetu hupiga. Fungua ile ngao ya plastiki iliyo ndani ya tao la gurudumu, kama bado ipo. Bomba la chuma huoza upande wa juu, pale tope linapokaa na kushika unyevu, upande ambao huuoni ukitazama kutoka chini. Pitisha vidole. Kutu inayobanduka kama maganda ni dalili. Kidole chenye harufu ni ushahidi. Mpira mnene unaounganisha bomba na tangi, na ule mwembamba ulio kando yake wa kupumulia, hupasuka chini ya klipu. Ikunje kidogo kwa mkono: nyufa ndogo zitafunguka.

Chini ya kiti cha nyuma

Kwenye Toyota nyingi ndogo za miaka ya 1990, kiti cha nyuma hung'oka kwa kuvuta juu sehemu ya mbele ya godoro lake. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na chini ya hicho ndipo pompa na geji zinapoingia tangini. Watu hubadilisha pompa hapa, wanarudisha gasketi ileile ya zamani, wanakaza skurubu upande mmoja kuliko mwingine, wanafunika, wanasema imekwisha. Kama pompa yako iliwahi kubadilishwa na harufu ikaanza baadaye, acha kusoma kwingine, fungua hapa.

Safisha vumbi kwanza, lisiangukie tangini. Pakaza maji ya sabuni kuzunguka ukingo, gari likiwa limejaa na limekaa juani. Mvuke unaotoka utapuliza mapovu. Usiruhusu mtu achomeke kompresa ya kujazia tairi kwenye tangi ili "kuona vizuri": tangi halikutengenezwa kubeba presha hiyo, litavimba au litapasua mishono, na utakuwa umenunua tatizo jipya. Jua linatosha.

Gasketi mpya, skurubu zikazwe kwa kupishana kama unavyokaza gurudumu, kidogo kidogo. Silikoni ya madirisha haifai hapa. Esansi huilainisha ikawa ute, na vipande vyake huingia kwenye chujio la pompa. Na kama unabadilisha kipande cha mpira kilicho ndani ya tangi, kile kinachounganisha pompa na kifuniko, tafuta mpira uliotengenezwa kulala ndani ya esansi, wenye alama J30R10. Mpira wa kawaida unavumilia esansi ikipita ndani yake tu. Ukizamishwa unavimba na kuoza kutoka nje.

Chini ya gari

Hapa ndipo penye kazi, basi usiharakishe. Weka gari kwenye mawe imara au stendi, si jeki peke yake. Osha sehemu ya chini siku moja kabla, ikauke. Kisha laza kadibodi safi kuanzia mbele mpaka nyuma usiku kucha, andika juu yake "mbele", "gurudumu la kushoto", na kadhalika. Esansi hukauka upesi na huenda usikute doa bichi asubuhi, ila inaacha alama ya manjano au kahawia na kadibodi yenyewe hunuka mahali hapo.

Kwenye chuma tafuta alama za namna mbili. Wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, vumbi jekundu linafunika kila kitu: penye uvujaji vumbi huwa limeganda na kuwa jeusi, au limeoshwa likaacha njia safi. Popote unaposhuku, futa pakauke, kisha nyunyiza unga wa chaki au poda ya watoto. Rudi baada ya saa moja. Unga mkavu unabaki mweupe. Tone dogo lisiloonekana kwa macho litauchora.

Gari la injekta lina njia tatu kutoka nyuma kwenda mbele: ya presha, ya kurudisha, na ya mvuke. Fundi akisema "nimeangalia tuyo ya esansi", muulize ipi. Ile ya presha hubeba bar 2.5 hadi 3 hivi na ikitoboka inanyunyiza. Ya kurudisha haina presha kubwa, huvuja injini ikifanya kazi tu. Ya mvuke haina esansi ya maji kabisa, haitaacha doa, ni harufu tupu. Hiyo ndiyo inayowasumbua watu kwa miezi, kwa sababu wanatafuta unyevu. Zifuate zote tatu kwa vidole, hasa pale klipu za plastiki zinapozishika kwenye sakafu: tope hukaa nyuma ya klipu na kutu huanzia humo. Angalia pia karibu na filta, kwenye viungo vya boliti yenye tundu. Rondeli mbili za kila kiungo ni za kutumika mara moja. Zikirudishwa zimekwisha bonyezwa, hutoa jasho.

Kwenye tangi lenyewe, mshono unaolizunguka na sehemu zinapopita zile chuma za kulibeba ndipo kutu inapojificha. Utakuta mengine yamepakwa sabuni ya kipande. Sabuni huzuia kweli, inakufikisha nyumbani, nami sina ugomvi nayo kwa jioni moja. Ila isikae mwaka.

Na uchomeleaji. Tangi tupu ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu lililojaa lina esansi na lile tupu lina mvuke uliochanganyika na hewa, yaani mchanganyiko ulio tayari kulipuka. Kuacha wazi siku mbili hakutoshi. Tangi linaloletwa kwa mchomeleaji lazima liwe limetolewa garini, limeoshwa kwa maji moto na sabuni mara kadhaa, kisha limejazwa maji mpaka ibaki nafasi ndogo tu chini ya tundu. Kwa tundu dogo, gundi ya epoksi ya matangi inayopakwa kwenye chuma kilichosuguliwa na kukauka ni salama zaidi. Kwa tangi lililoliwa na kutu, tafuta la okazio, ulimulike ndani kwa tochi ya LED kabla ya kulipa.

Mbele, injini ya injekta

Hapa esansi ina presha, hivyo uvujaji unaonekana pompa ikizunguka tu. Kwenye Toyota za miaka hiyo pompa haizunguki kwa kufungua swichi peke yake. Lakini nyingi zina kisanduku kidogo cha uchunguzi chini ya kapo, kimeandikwa ndani ya kifuniko chake. Swichi ikiwa imezimwa, unganisha tundu la +B na la FP kwa kipande cha waya, kisha fungua swichi bila kuwasha injini. Pompa itazunguka, reli itapata presha, nawe utaweza kuangalia bila feni na mikanda kukuzunguka. Fuata mpangilio huo: waya kwanza, swichi baadaye, ili cheche isitoke ukiwa umeinama juu ya injini. Ukiona unyevu, zima mara moja.

Tazama mguu wa kila injekta, juu inapoingia relini na chini inapoingia kwenye injini. Oringi zake huwa ngumu na kupasuka. Unapoweka mpya zipake mafuta safi ya injini, usitumie grisi ya silikoni, na usizisokote ukizisukuma. Tazama mpira mfupi unaopeleka esansi relini. Kisha regileta ya presha, kile kikopo kidogo mwishoni mwa reli chenye mpira mwembamba wa hewa. Chomoa mpira huo injini ikinguruma. Ukiwa umelowa esansi au ukinuka kwa nguvu, daiaframu ya ndani (utando wake mwembamba) imepasuka, na esansi inanyonywa moja kwa moja na injini: utumiaji unapanda, moshi unanuka, na hakuna tone hata moja chini ya gari.

Kabla ya kufungua kiungo chochote upande huu, punguza presha. Toa fyuzi au relei ya pompa, washa injini mpaka ijizime yenyewe, izungushe mara mbili, kisha funika kiungo kwa kitambaa kinene ndipo ulegeze. Presha hubaki ndani hata baada ya usiku mzima.

Injini ya kabureta

Hapa presha ni ndogo, hata theluthi moja ya bar haifiki mara nyingi, lakini kuna esansi iliyo wazi ndani ya bakuli. Sindano ya floti, ile inayofunga esansi bakuli likijaa, ikishika uchafu, na esansi ya mabidoni ina uchafu wa kutosha, bakuli linafurika. Toa kifuniko cha filta ya hewa, tazama ndani ya koo la kabureta injini ikiwa imezimwa dakika chache: pakilowa au pakidondoka, ni sindano au floti iliyotoboka. Itikise floti sikioni. Ikilia ndani kuna esansi. Gasketi ya kifuniko cha kabureta na daiaframu ya pompa ya kuongeza kasi huacha unyevu upande wa nje, wa rangi ya kahawia.

Pompa ya mitambo, ile inayosukumwa na injini, ina tundu dogo chini yake. Tundu hilo likilowa, daiaframu imechoka. Ikipasuka kwa ndani haitakuonyesha kitu: esansi inaingia kwenye mafuta ya injini. Vuta kijiti cha kupimia. Kipimo kikipanda juu kuliko ulivyojaza, na kijiti kikinuka esansi, usiendeshe mpaka umetengeneza na kubadilisha mafuta. Mafuta yaliyochanganyika na esansi hayalindi beringi, na mvuke wake unaweza kuwaka ndani ya injini. Kwenye gari la injekta angalia kijiti vilevile. Injekta inayovuja huleta jambo hilohilo.

Kanista ambayo wengi huitupa

Ni kopo jeusi la plastiki au bati lenye mkaa maalumu ndani, mara nyingi kwenye kona ya injini. Linanyonya mvuke wa tangi gari likiwa limesimama na kuurudisha kwenye injini linapokwenda. Garaji nyingi huling'oa likisumbua, mpira wa mvuke unaachwa unaning'inia karibu na injini. Gari litaendelea kwenda, na kwa hiyo watu hudhani halina kazi. Ndiyo maana harufu yake haiishi: tangi zima linapumua chini ya kapo. Ukikuta mpira unaoning'inia hivyo, umeshapata jibu.

Kama lipo, lichomoe ulipime kwa mkono. Zito na lenye kuchezacheza kioevu, limelewa esansi kwa kujaziwa kupita kiasi, halitapona kwa kukaushwa. Chembe nyeusi zikitoka kwenye mpira, mkaa umevunjika na utakwenda kuziba vali. Kanista ya okazio yenye matundu yaleyale inafaa, kwa gari lolote la ukubwa unaokaribiana, mradi mipira iunganishwe kila mmoja mahali pake.

Unaponunua na unapofunga

Mpira wa maji na ule wa plastiki unaong'aa, wauzaji watakuapia kwamba unafaa. Unakuwa mgumu haraka, kisha unapasuka kwenye klipu. Kwenye gari la injekta omba mpira wenye alama J30R9; kwenye kabureta J30R7 unatosha. Alama hizo zimechapwa kwenye mpira wenyewe, zisome kabla haujakatwa. Klipu ziwe za kubana sawasawa pande zote, zenye ukingo laini. Zile zenye meno yaliyotobolewa hukata mpira mwembamba zikikazwa sana.

Kwa fundi, mpe karatasi yako ya juma moja kabla hajagusa kitu, na umwambie mapema kwamba vipuri vya zamani utaondoka navyo. Usikubali vitu vinne vibadilishwe kwa siku moja. Vikibadilishwa vyote na harufu ikaisha hutajua ilikuwa nini, na ikibaki umetoa pesa nne. Uvujaji wa tone moja kwa sekunde unaweza kupoteza zaidi ya lita moja kwa siku, kwa hiyo gharama ya mpira mzuri hurudi upesi.

Baada ya matengenezo, pompa izunguke na reli ipate presha, upitishe kitambaa kikavu kwenye kila kiungo kilichofunguliwa, ukinuse. Endesha mpaka injini ipate moto, zima, ngoja dakika 10, pitisha tena. Laza kadibodi mpya. Ndani ya gari fungua milango mchana, zulia liwe nje. Harufu iliyonyonywa na viti inaweza kukaa siku kadhaa ikipungua kila siku. Ikipungua, iache. Ikipungua kisha ikarudi siku unayojaza tangi, rudi kwenye bomba la kujazia na gasketi ya chini ya kiti, tangi likiwa bado limejaa na gari likitazama mlimani.